Kura 72 za Robin

Robin aliuawa kwa tofauti ya kura 72. Mwaka 1988 kampuni ya DC Comics iliweka tangazo nyuma ya toleo la 427 la Batman. Joker amempiga Robin kwa mtaimbo, jengo limelipuka naye ndani, na wewe msomaji ndiwe wa kuamua kama kijana anatoka hai. Namba mbili za simu: moja ya kumwokoa, nyingine ya kumzika. Kila simu senti 50 za Marekani. Laini zilifunguliwa kwa saa 36 mwezi Septemba. Hesabu ilipotoka, 5,343 walitaka afe na 5,271 walitaka aishi.

Hapa kwetu hata MCA angekimbilia kortini na tofauti kama hiyo. Lakini hakukuwa na Fomu 34A wala mawakala, na hakuna aliyezuiwa kupiga mara mbili, mara kumi, mara mia. Dennis O'Neil, mhariri wa Batman aliyeleta wazo la simu, alisema baadaye alisikia kwamba kuna jamaa aliyeiweka kompyuta yake ipige namba ya kifo kila baada ya sekunde 90, kwa saa nane. Piga hesabu: hizo ni simu 320. Kama ni kweli, basi sauti ya mashabiki ilikuwa msee mmoja na modemu.

Kisa hiki husimuliwa kama onyo: ukiwapa mashabiki usukani, wataliangusha gari mtaroni. Upande wa pili nao una jibu lake: kwani nani hununua? Kama sisi ndio tunatoa pesa, mbona tusisikizwe? Mjadala huo umeendelea tangu hapo, na kila shujaa akifa, akioa, akifufuka au akibadilisha nguo, unaanza upya. Mwandishi afuate moyo wake au awape watu wanachotaka?

Mimi naona swali lenyewe limekaa vibaya, kwa sababu limemsahau mwenye nyumba.

Chukua riwaya ya kawaida. Euphrase Kezilahabi alipomuua Rosa katika Rosa Mistika, mwaka 1971, yalikuwa yamekwisha. Unaweza kulia, unaweza kumkasirikia mwandishi, lakini hakuna ofisi mahali yenye hati ya umiliki wa Rosa, inayoweza kumwajiri kijana mwingine miaka thelathini baadaye aje amtoe kaburini. Kifo cha Rosa ni uamuzi wa mtu mmoja, na aliubeba hadi mwisho wake.

Robin si wa mtu. Jim Starlin aliyeandika hadithi hiyo ya kifo, A Death in the Family, hakumbuni Robin. Hata kijana huyu mahususi, Jason Todd, Robin wa pili, alibuniwa mwaka 1983 na Gerry Conway na mchoraji Don Newton, kisha mwaka 1987 Max Allan Collins akamwandika upya kama chokoraa anayekamatwa akifungua magurudumu ya gari la Batman. Starlin alimkuta, akamtumia, akaondoka. Kampuni ikabaki. Kwa hiyo ukisema "msimamo wa msanii" katika komiki hizi, unamsemea msanii ambaye ni mpangaji. Na ukisema "matakwa ya mashabiki", unawasemea watu ambao kampuni huwasikia siku inapotaka kuuza kitu na huwapuuza siku isipotaka.

Ndiyo maana nataka kipimo kingine. Usiniulize kama shabiki alipewa au alinyimwa. Niulize kama hadithi ilikumbuka. Kilichotokea jana kina gharama leo? Kuna mtu ndani ya kurasa anayelipa? Hadithi inayodumu miaka themanini chini ya waandishi mia haiwezi kuwa na moyo mmoja, lakini inaweza kuwa na kumbukumbu. Bila kumbukumbu, hata shujaa wako umpendaye ni fulana tu.

Mimi nimejifunza kuithamini kumbukumbu hiyo kwa njia ya shida. Wengi wetu hapa Nairobi hatukusoma hizi komiki kwa mpangilio. Tumezisoma kwa nakala za mitumba za kando ya barabara, toleo la tatu halafu la tisa, na kwa skani kwenye simu zenye vioo vilivyopasuka. Ukisoma kwa kuruka hivyo, hadithi yenyewe ndiyo inayokubebea yaliyopita. Batman akipita mbele ya kabati la kioo ndani ya pango lake na kukaa kimya, unajua kuna kitu kimetokea hapa, hata kama toleo lenyewe hujawahi kuligusa.

Ndani ya kabati hilo mna nguo za Jason. Na hapo ndipo uchawi mdogo ulifanyika baada ya ile kura ya aibu. Kura ilikuwa biashara, lakini waandishi waliofuata hawakuitendea kama biashara. Batman akawa mtu mwenye deni. Akawa mkali, mzembe na maisha yake, mgumu kuwa naye. Mwaka 1989 akaja Tim Drake, mtoto aliyemfuatilia Batman kwa makini kiasi cha kumgundua ni nani, na hoja yake ilikuwa rahisi: Batman anaharibika, anahitaji Robin. Tim, ukimwangalia vizuri, ni shabiki aliyeingia ndani ya kitabu. Alikuja na picha na ushahidi, akasema nimeona kilichokupata tangu ulipompoteza yule kijana. Huo ni usomaji wa hali ya juu.

Kisha mwaka 2005 Jason akarudi. Wengi walikasirika, na sababu iliyotolewa ya kufufuka kwake ni kichekesho: mtu mwenye nguvu za Superman alipiga ngumi kuta za ulimwengu, mambo yakatikisika, maiti ikaamka. Sitaitetea hata kwa dakika moja. Lakini Judd Winick, aliyemwandika akirudi kama muuaji aitwaye Red Hood, alijua anachofanya. Jason hakuja kulalamika kwamba Batman alishindwa kumwokoa. Alikuja na swali moja: mbona Joker bado anapumua? Aliniua, na wewe ukamwacha. Kila mwaka wa ile hadithi, kila mara Batman alipomrudisha Joker hospitalini naye akatoroka, ukawa ushahidi wa mashtaka. Mwandishi alichukua kanuni ya biashara (Joker hafi kwa sababu Joker anauza) akaigeuza kuwa jeraha kati ya baba na mwana. Mashabiki walimpata mtu wao, na hadithi ilitoza bei kamili.

Sasa linganisha na Spider-Man, maana hapo ndipo utaona kunyima na kutoa vyote vinaweza kuwa uongo.

Mwaka 1973 Gerry Conway, yuleyule, alimuua Gwen Stacy, mpenzi wa Peter Parker. Wasomaji walichukia sana. Stan Lee alikuwa akizunguka vyuoni kutoa mihadhara, na huko wanafunzi wakamkaba koo: mbona mlimuua Gwen? Akataka arudishwe. Conway akapata njia ya kati: akamrudisha kama kloni, nakala iliyotengenezwa maabara na profesa aliyempenda kichaa, kisha mwaka 1975 yule kloni akajiendea zake. Pia kukawa na kloni wa Peter mwenyewe, aliyedhaniwa amekufa. Shida ikaonekana imeisha.

Haikuisha. Mwaka 1994 kloni wa Peter akarudi, na Marvel wakaanza hadithi iliyokusudiwa kumalizika kwa miezi michache. Ikauza, basi ikavutwa. Ikavutwa tena. Wasomaji wakaambiwa kwamba Peter waliyemfuata miaka ishirini ndiye alikuwa nakala, na wakalipuka. Desemba 1996 mambo yakageuzwa: hapana, Peter ni Peter. Hiyo ndiyo kawaida ya mkopo wa simu. Ulikopa kidogo kumtuliza mtu, na siku ya kulipa unashangaa riba ilikua lini.

Lakini mfano mkubwa zaidi ni wa mwaka 2007. Peter na Mary Jane walikuwa mume na mke tangu 1987. Harusi yao ilikuwa tukio kweli, hata Marvel waliiigiza hadharani katika uwanja wa Shea Stadium, New York, Stan Lee akiifungisha. Miaka ishirini baadaye mhariri mkuu, Joe Quesada, aliamini ndoa inamzeesha Spider-Man na kuwabana waandishi. Talaka ingemzeesha zaidi. Ujane vilevile. Kwa hiyo hadithi iitwayo One More Day ikaja na suluhisho: shangazi May anakufa kwa risasi, na Mephisto, shetani wa Marvel, anajitolea kumwokoa kama Peter na Mary Jane watampa ndoa yao. Wanakubali. Asubuhi Peter anaamka kwa shangazi yake, kijana asiyewahi kuoa, na hakumbuki kitu.

Hapa hawakuwafuata mashabiki. Wengi walipinga na mpaka leo wanapinga. Hawakumfuata mwandishi pia: J. Michael Straczynski alisema wazi kwamba alitaka jina lake liondolewe kwenye matoleo mawili ya mwisho, akabembelezwa akaliacha. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba msanii wa kweli ni yule anayewaambia mashabiki hapana, wajibu hili. Hapana ilisemwa, kwa sauti kubwa, na bado kilichotoka hakikuwa na uaminifu wowote. Kosa la One More Day si kuvunja ndoa. Ndoa huvunjika, na ingeweza kuvunjwa kwa namna ya kutuuma na kutufunza. Kosa lake ni kwamba iliwafanyia wahusika kile ambacho kampuni ilitaka kutufanyia sisi: ifute, amka, usikumbuke. Shujaa ambaye maisha yake yote yamejengwa juu ya kuwajibika alipewa njia ya kutolipa.

Sasa hebu niwe mkweli kuhusu mashabiki pia, kwa sababu hili kundi halina utakatifu. Mwaka huohuo wa kloni, 1994, DC walimgeuza Hal Jordan, Green Lantern wa siku nyingi, kuwa mhalifu, wakampa pete kijana mpya, Kyle Rayner. Baadhi ya mashabiki wakaunda kikundi cha kudai Hal arudishwe, na mwandishi Ron Marz akapokea hadi vitisho vya kuuawa. Kwa ajili ya pete ya kijani! Hao hawakuwa wakiitunza hadithi. Walikuwa wakitetea utoto wao, na mtu anayetetea utoto wake hataki gharama yoyote. Anataka jana irudi bila kuguswa.

Lakini ndani ya komiki zilezile za Kyle kulitokea shabiki wa aina nyingine. Mapema katika hadithi hiyo, mpenzi wake, Alexandra DeWitt, aliuawa na maiti yake ikaachwa ndani ya friji ili Kyle aikute. Mwaka 1999 Gail Simone, wakati huo akiwa msomaji tu, aliweka hadharani orodha ya wanawake wa komiki waliouawa, kubakwa, kulemazwa au kunyang'anywa nguvu zao, mara nyingi ili mwanamume fulani apate sababu ya kukasirika. Alichouliza hakikuwa "mrudisheni Alexandra". Aliuliza: mnaona mnachokifanya? Majina yalipopangwa mstari baada ya mstari, haikuwezekana tena kusema ni bahati mbaya. Miaka michache baadaye Simone akawa mwandishi wa Birds of Prey, kitabu cha wanawake wa DC, na kati yao ni Barbara Gordon, aliyekuwa kwenye orodha hiyo.

Huyo ndiye shabiki ninayemwamini, anayeshika daftari la madeni. Mwandishi anapita, mhariri anabadilishwa, lakini msomaji wa miaka ishirini anajua nani alikufa toleo gani na nani alisahau kumlilia. Ombi lake linaweza kukataliwa. Hesabu zake hazifai kupuuzwa.

Na kwa hesabu hiyohiyo, sisi wa upande huu wa dunia tuna daftari letu. Rudi kwa Jason Todd. Unajua alikufia wapi? Ethiopia. Alikuwa anamtafuta mama yake mzazi, akampata akifanya kazi ya msaada wa njaa huko, mama akamuuza kwa Joker, na ghala la bidhaa za msaada likalipuka. Hadithi hii ilitoka miaka minne tu baada ya njaa ya 1984, wakati picha za Waethiopia wenye njaa zilikuwa bado kwenye televisheni za dunia nzima. Simu 10,614 zilipigwa kuamua hatima ya mvulana mmoja wa Gotham. Waethiopia walikuwa mandhari. Hadithi imemkumbuka Jason kwa zaidi ya miaka thelathini: kabati, kofia nyekundu, filamu ya katuni ya mwaka 2010. Mahali alipofia pamekuwa maelezo ya pembeni.

Au mchukue Storm, ambaye wengi wetu tulimdai kama wetu kabla hatujajua kama anatujua. Alitokea mwaka 1975 katika Giant-Size X-Men, kazi ya Len Wein na Dave Cockrum: mungu wa kike wa mvua, Kenya, watu wamempigia magoti. Mama yake ni binti wa kifalme wa Kenya. Wafalme gani, wa kabila gani, usiniulize. Kenya hiyo ilichorwa na watu waliohitaji mahali pa mbali, na hakuna shabiki wa Kisumu au Nakuru aliyekuwa kwenye safu ya barua kusema jameni, ngojeni kidogo.

Lakini Storm ndiye pia mfano wangu bora wa mwandishi aliyekataa kumweka mhusika mahali palipowastarehesha watu. Chris Claremont aliwaandika X-Men kuanzia 1975 hadi 1991. Mwaka 1983 alimfanya Storm anyoe nywele zake ndefu nyeupe, zile zilizomfanya mungu, akabaki na mkia wa jogoo kichwani na nguo za ngozi nyeusi. Hakuna aliyeomba. Kitty Pryde, mtoto wa kundi, alipomwona hivyo alilia na kukimbia, na naamini Claremont alijua anatuchora sisi. Mwaka 1984 akamnyang'anya nguvu zote za hewa. Kampuni nzima ya mashujaa, na kiongozi wao hana nguvu. Kisha, mwanzoni mwa 1986, akiwa bado hana nguvu, Storm alishindana na Cyclops kwa uongozi wa X-Men, akamshinda kwa akili na kwa mwili tu.

Kila hatua hapo ilitokana na ile iliyotangulia. Mwanamke aliyelelewa kuzuia hisia zake ili asilete dhoruba akaanza kujiuliza yeye ni nani bila dhoruba. Ukimrudishia nywele na nguvu mapema ili watu watulie, hupati ushindi ule. Na nguvu ziliporudi baadaye, zilimrudia mtu mwingine kabisa.

Mwaka 2006 alifungishwa ndoa na Black Panther, mwaka 2012 ndoa ikabatilishwa katikati ya vita vya mashujaa, haraka haraka, kama mtu anayefunga duka mvua ikianza. Na mwaka 2024 kitabu chake kiliwekwa mikononi mwa mwandishi Mnaijeria, Murewa Ayodele. Kwa kuwa na Mwafrika kwenye kalamu, deni la 1975 halijalipwa. Lakini sasa kuna mtu ndani ya nyumba anayeweza kulisoma daftari letu bila mkalimani.

Jambo hili linanigusa kwa sababu naishi kwa kuandika makala moja moja, na kila mara kuna mtu wa kuniambia wasomaji wanataka nini. Ananionyesha namba. Namba hazidanganyi kuhusu waliobonyeza, lakini hazisemi kitu kuhusu watakachokumbuka wiki ijayo. Ile kura ya 1988 ilikuwa namba pia.

Tazama wamefikia wapi. Mei 2023 Marvel walimuua Kamala Khan, Ms. Marvel, msichana Mwislamu wa New Jersey ambaye yeye mwenyewe ni shabiki, anaandika hadithi za kubuni kuhusu mashujaa anaowapenda. Walimuua ndani ya kitabu cha Spider-Man, si chake. Mashabiki wakafoka. Julai alikuwa hai tena. Miezi miwili! Huko si kusikiza mashabiki wala si ujasiri wa kisanii. Hakuna aliyepata nafasi ya kumkosa. Na Desemba mwaka huohuo DC walichapisha upya lile toleo la 428 la Batman, safari hii na ule mwisho mwingine uliokuwa umechorwa ukawekwa kando. Robin Lives!, jalada lilitangaza. Walikuwa wamemuuza akiwa maiti, sasa wakamuuza akiwa mzima.

Kwa hiyo wakati mwingine watakapokuambia shujaa wako anakufa, au anarudi, usiingie kwenye kelele za nani ashinde, sisi au wao. Nunua, azima, pakua, soma. Kisha ruka matoleo sita mbele, kama tulivyozoea kuruka, na umtafute mtu mmoja ndani ya zile kurasa ambaye bado analala vibaya kwa sababu ya kilichotokea. Ukimpata, endelea kusoma. Usipompata, weka pesa yako mfukoni.